UZI: Kinu cha umeme wa nyuklia ni bomu ama si bomu? Jibu liko kwenye namba mbili, 239 na 240

1/ Kila mjadala wa nyuklia ukianza hapa Kenya, iwe ni Uyombo kule Kilifi ama Siaya, lazima mmoja aseme "hicho kinu ni bomu", na mwingine amjibu "huo ni umeme tu, hauhusiani na bomu hata kidogo". Mimi nasoma siasa, si fizikia, lakini nimekaa na hii mada wiki nzima. Wote wawili wamekosea. Twende polepole.

2/ Fueli ya vinu vingi ni urani, na sehemu kubwa yake ni urani-238, ambayo haipasuki kirahisi. Ikimeza nyutroni moja, inageuka, na siku chache baadaye ni plutoni-239. Kwa hivyo ndiyo, kinu kama hicho hutengeneza plutoni. Si siri.

3/ Sasa hizo namba ni za nini? Ni jumla ya protoni na nyutroni kwenye kiini cha atomu. Plutoni yoyote ina protoni 94. Zinazobadilika ni nyutroni: 239 inazo 145, 240 inazo 146. Hizo ndizo isotopu. Ndugu wa tumbo moja, tabia mbali mbali.

4/ 239 ndiyo ya bomu. Lile la Nagasaki, 9 Agosti 1945, lilikuwa na kama kilo 6 za plutoni. Lakini 239 ikikaa sana kinuni, nyingine hupasuka, nyingine humeza nyutroni ikawa 240. Na 240 ni msumbufu: hupasuka yenyewe bila kuchokozwa, na nyutroni zake zinaweza kuwasha bomu kabla ya wakati, likafifia. Mwaka 1944 Wamarekani waliacha muundo mzima wa bomu, ulioitwa Thin Man, kwa sababu hiyo.

5/ Kumbe siri ni muda. Anayetaka bomu hutoa fueli mapema, 240 ikiwa chini ya asilimia 7. Kinu cha umeme kwa kawaida huiacha miaka mitatu hivi ama zaidi, na 240 inapita asilimia 20.

6/ "Basi tuko salama!" Ngoja kwanza. Mwaka 1977 Marekani ilitangaza kwamba 1962 ilikuwa imelipua bomu la majaribio lenye plutoni ya kiwango cha vinu. Na 1974 India ililipua kifaa chenye plutoni ya kinu cha utafiti ilichopewa na Canada kwa matumizi ya amani. Asilimia peke yake haimzuii mtu. Wakaguzi ndio wanaozuia.

7/ Kenya imo kwenye Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, na pia Mkataba wa Pelindaba unaokataza silaha hizo Afrika. Kwa hivyo fueli yetu itahesabiwa, ikiingia na ikitoka. Kwangu, bomu si hofu ya kwanza.

8/ Hofu ya kwanza ni ile aliyoniuliza rafiki yangu wa Kilifi: "Hizo taka zitalala wapi?" Miaka 24,000 hivi ikipita, nusu tu ya 239 ndiyo itakuwa imetoweka. Kwa 240, ni kama miaka 6,560. Hakuna serikali ya miaka mitano inayoweza kuahidi hayo kwa maneno matupu jukwaani.

9/ Kwa hivyo mgombea akija kwenu na nyuklia, awe anaisifu ama anaipinga, muulize haya:
- Ni kinu cha aina gani? Kuna vinu vinavyobadilishwa fueli bila kuzimwa, na hivyo ni vigumu zaidi kuvikagua.
- Fueli iliyotumika itahifadhiwa wapi, na ardhi ya nani?
- Nani atalipia ulinzi wake kinu kikishazeeka na kufungwa?

Akikujibu "bomu" ama "maendeleo" peke yake, hajajibu.

10/ Mtumie yule mjomba wa kikundi cha familia. Maswali yaacheni hapa chini, nitajibu ninayoyaweza.