Mbuzi, maganda ya mihogo na sumu isiyotegwa na mtu

Tangu mvua zianze kunyesha, maswali ya wasomaji kuhusu mifugo kufa ghafla yamekuwa mengi kuliko mengine yote. Visa vyenyewe vinafanana. Mbuzi wamefungua kamba, wakaingia uani ambako akina mama walikuwa wakimenya mihogo ya shughuli, wakalivamia rundo la maganda mabichi. Au ng'ombe aliyeshinda na njaa amevuka ua, akakuta visiki vya mtama vilivyochipua upya baada ya ukame. Haipiti muda mnyama anahema kwa nguvu, anatoka udenda, anayumba, anaanguka na kurusharusha miguu. Kisha linakuja swali lilelile: nani katutegea sumu?

Hakuna aliyetega. Sumu imo ndani ya mimea yenyewe, na inaitwa sianidi.

Muhogo una linamarini, mtama una dhurini. Zote mbili ni sukari iliyoungana na sianidi, na zikikaa peke yake hazina haraka ya kuua. Mmea huzihifadhi sehemu moja ya seli, na kimeng'enya cha kuzivunja hukihifadhi sehemu nyingine. Jani likiwa zima, viwili hivyo havikutani. Likitafunwa vinachanganyika, na sianidi inafumuka papo hapo. Ni ulinzi wa mmea dhidi ya walao majani. Machipukizi machanga ya mtama, hasa yaliyodumazwa na jua kisha yakapata mvua, ndiyo yenye sumu nyingi zaidi. Kwenye muhogo, ganda huwa na sumu kuliko nyama yake.

Wengi huniuliza: mbona sisi tunakula kisamvu na hatufi? Kwa sababu kisamvu hutwangwa. Kinu hukutanisha kimeng'enya na linamarini, sianidi inatoka, na kwa kuwa huchemka kwenye nyuzi joto 26 tu, sehemu kubwa hupotea hewani wakati wa kutwanga na kuchemsha. Tumbo la mbuzi nalo ni kinu, ila ni kinu chenye kifuniko. Tumbo kubwa la mnyama anayecheua lina maji, joto, na vijidudu ambavyo navyo huivunja linamarini. Halina asidi kali ya kukizima kimeng'enya, tofauti na la nguruwe. Sumu inayofumuka humo inaingia kwenye damu.

Ikishaingia, inatokea ajabu ambayo bado inanishangaza. Mnyama anapumua, mapafu ni mazima, damu imejaa oksijeni, lakini seli haziwezi kuitumia. Sianidi hukishika kimeng'enya cha mwisho kwenye mitokondria, kile kinachoipokea oksijeni, na kazi yote inasimama. Ubongo na moyo vinakufa kwa kukosa kitu ambacho kimejaa tele kwenye mishipa inayopita hapo hapo. Kwa kuwa oksijeni haitumiki, damu inayorudi kutoka mwilini hubaki nyekundu ya kung'aa, na fizi za mnyama mwanzoni huwa hivyo hivyo.

Hapa ndipo waganga wa mitaani wanaponiudhi. Anaitwa mtu, anachanja sikio la mbuzi ili "sumu itoke", damu inachuruzika nyekundu safi, naye anatangaza kwamba damu haina kasoro, mnyama huyu amerogwa. Alama ya ugonjwa iko mbele ya macho yake, naye anaitumia kumtia hatiani jirani! Nimesikia ya koo zilizoacha kusalimiana kwa tangazo la namna hiyo. Mwingine anamnywesha mnyama anayetetemeka maziwa au mafuta ya kula, ambayo huishia mapafuni. Mwingine anauza chupa ya dawa ya "sumu zote" gulioni. Dawa hiyo haipo. Iliyopo kwa sianidi ni sindano ya thiosulfeti ya sodiamu, nayo huchomwa na daktari wa mifugo, na huokoa akifika mapema.

Thiosulfeti hufanya kazi kwa sababu ina salfa. Ini la mnyama, na la mtu, huigeuza sianidi kuwa thiosianeti na kuitoa kwa mkojo, na salfa ndiyo inayohitajika. Ndiyo maana mnyama hustahimili sumu kidogo kidogo kutwa nzima, lakini hushindwa anapokula kwa pupa. Binadamu anayeishi kwa mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri, bila protini ya kumpa salfa, anaweza kupata konzo: miguu inapooza ghafla na haiponi. Ugonjwa huo ulizuka Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, ukapoozesha watu zaidi ya 1,000. Tarime nayo iliupata wakati wa ukame wa 1985.

Ya kufanya ni machache. Maganda yaanikwe juani siku kadhaa hadi yakauke kabisa kabla ya kulishwa. Mtama unaochipua upya usiguswe mpaka upite magoti. Mnyama mwenye njaa apewe nyasi kavu kwanza. Jiwe la chumvi lenye salfa linasaidia.

Na nyama iliwe? Hapana. Kwa nje, kifo cha ghafla cha sianidi hakitofautiki kwa uhakika na cha kimeta. Bakteria wa kimeta wakibaki ndani ya mzoga ambao haujapasuliwa, wengi hufa unapooza. Ukipasuliwa wanakutana na hewa, wanajifungia kwenye mbegu ngumu ambazo hukaa ardhini miongo kadhaa, na wachinjaji huambukizwa hapo hapo. Ukiona damu nyeusi isiyoganda puani au njia ya haja, waondoe watoto na mbwa. Hata usipoiona, afisa mifugo aukague mzoga kabla kisu hakijaugusa.