Miale ya nyutroni ni kazi ya ujima

Aghalabu mwanafunzi wa fizikia hufundishwa kuwa nyutroni ni chembe isiyo na chaji iliyomo katika kiini cha atomu, kisha akaliacha jambo hilo mlangoni pa chumba cha mtihani. Hiyo ni hasara, kwani tangu James Chadwick aigundue mwaka 1932, chembe hiyo imekuwa jicho la wanasayansi ndani ya maada.

Kwa vile haina chaji, nyutroni hupenya chuma bila kuzuiwa na elektroni, na huitambua haidrojeni ambayo eksirei huiona kwa shida. Bertram Brockhouse na Clifford Shull walituzwa Nobel mwaka 1994 kwa kuasisi matumizi hayo.

Lakini sifa hiyo hiyo ndiyo mashaka yake. Protoni husukumwa kwa nguvu za umeme, nyutroni haisukumiki. Sharti ing'olewe kiinini, na njia kuu ni mbili. Ya kwanza ni kupasua urani, kama ifanyavyo Taasisi ya Laue-Langevin mjini Grenoble, Ufaransa, yenye kinu cha megawati 58 kilichowashwa 1971. Ya pili ni kuvurumisha protoni kwa kasi iliyo karibu na ya nuru zigonge metali nzito. Kila protoni hung'oa nyutroni ishirini na zaidi. Huko Oak Ridge, Marekani, mtambo ulioanza 2006 huigonga zebaki mara 60 kwa sekunde.

Gharama yake si mchezo. Taasisi ya Grenoble iliasisiwa 1967 na Ufaransa na Ujerumani Magharibi, miaka 22 tu baada ya vita vilivyowafarakanisha. Uingereza ikajiunga 1973. Mtambo wa Lund, Uswidi, ulioanza kujengwa 2014, nao ni wa mataifa mengi ya Ulaya. Ikiwa matajiri hushikana mikono, sembuse sisi?

Kinu cha kwanza barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959, enzi za Wabelgiji. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022, na Kenya imetangaza nia ya kujenga kinu cha utafiti. Maoni yangu ni kwamba kinu hicho kikijengwa, kiwe cha vyuo vikuu vya Jumuiya nzima, nao walimu waanze sasa kuwaandaa watakaokitumia. Kidole kimoja hakivunji chawa.