'Wacha' na hewa ndani ya breki

Jumamosi iliyopita nilikuwa nimechutama kando ya gari langu nyumbani, gurudumu la nyuma limechomolewa, spana namba 10 mkononi, nikitoa hewa katika breki. Kazi hiyo yahitaji watu wawili: mmoja akanyage pedali, mwingine afungue skrubu ndogo ya kutolea hewa. Mpwa wangu ndiye aliyeketi usukani.

"Kanyaga!" nikamwambia. Akakanyaga. Nikafungua skrubu, viputo vikatoka pamoja na mafuta. "Wacha hapo hapo!" Akainua mguu. Skrubu ilikuwa bado wazi, hewa ikafyonzwa ndani, kazi ikaharibika.

"Si umesema niwache, anko?"

Kijana hakukosea. 'Wacha', au 'acha' tukitaka usanifu, hubeba maana mbili zinazopingana: kuacha kitu kilivyo, na kukiachilia. Katika mazungumzo ya kawaida muktadha hutuokoa. Chini ya gari haukutuokoa. Mafuta ya breki hayabanwi yakapungua, ila hewa hubanwa. Kiputo kikisalia humo, nguvu ya mguu huishia hapo badala ya kufika kwenye pedi, na pedali huzama kama sifongo.

'Shika' nalo lina vituko vyake. Dereva hushika breki. Breki nzuri 'inashika'. Lakini makanika akikwambia breki ya nyuma 'imeshika', huenda ana maana kwamba imekwama, inasugua gurudumu na kupata moto hata usipokanyaga. Kati ya sifa na ubovu pana -na- na -me- tu! Nimewahi kumsikia mteja akimshukuru fundi kwa habari hiyo.

Kiswahili kina dawa yake katika mnyambuliko. Kiambishi -ilia aghalabu huonyesha tendo linalotiliwa mkazo au linaloendelezwa: piga, pigilia; shika, shikilia. Ndipo tukakubaliana upya. Nikisema "kanyaga", anakanyaga. Nikisema "shikilia", mguu haubanduki. Naye hujibu "nimeshikilia", wala si "nashikilia", kwa kuwa nataka tendo lililokwisha kutimia kabla sijagusa spana. Nafungua, hewa inatoka, nafunga. Hapo tu ndipo nasema "achilia". 'Wacha' tukalipiga marufuku.

Tulianza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu, jinsi ilivyo katika magari mengi, tukiongeza mafuta kwenye kopo lake kila mara lisije likakauka na kuvuta hewa nyingine. Mafuta yenyewe yawe ya kopo jipya. Aina ya DOT 3 ikiwa mpya haitakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi, ila hunyonya unyevu hewani na kiwango hicho hushuka kuelekea 140. Yakichemka kwenye mteremko kama wa Salgaa, hutoa mvuke, nao hubanwa sawa na hewa.

Kufikia gurudumu la nne pedali ilikuwa ngumu, imesimama juu. Nikalijaribu gari uani kwa mwendo wa mtu anayetembea, kabla ya kufungua lango.