Kinyunyizio cha povu cha kuoshea gari

Kinyunyizio cha povu (pia: bomba la povu) ni kifaa kinachochanganya maji, sabuni na hewa ili kutoa povu zito linalopulizwa juu ya gari kabla ya kulisugua. Kazi yake ni kulainisha vumbi, tope na mafuta ili sehemu kubwa ya uchafu iondoke kwa kusuuzwa, kabla kitambaa hakijagusa rangi. Vituo vya kuosha magari hutumia vinyunyizio vikubwa. Aina ndogo huuzwa kwa ajili ya matumizi ya nyumbani.

Thamani ya kifaa hiki kwa mtu anayeosha gari nyumbani hutegemea mambo matatu: aina ya uchafu, upatikanaji wa maji, na mahali maji machafu yanapoelekea. Makala hii inaeleza mambo hayo kwa kuangalia hasa mazingira ya Murangi na maeneo jirani ya wilaya za Musoma, Bunda na Butiama katika Mkoa wa Mara, Tanzania, ambako barabara nyingi za vijijini ni za vumbi na changarawe, na Ziwa Viktoria liko karibu.

Jinsi povu linavyosafisha

Maji matupu hayaenei vizuri juu ya uso wenye mafuta. Hujikusanya kuwa matone kwa sababu ya mvutano wa uso, yaani nguvu inayowezesha wadudu wengine kutembea juu ya maji bila kuzama. Sabuni hupunguza mvutano huo. Kila molekuli ya sabuni ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine hupenda mafuta. Ncha ya pili hushika mafuta na ya kwanza huyavuta kuelekea kwenye maji, hivyo uchafu huachia uso ulioshikilia.

Povu lenyewe ni mkusanyiko wa viputo vya hewa vilivyozungukwa na utando mwembamba wa maji ya sabuni. Hewa iliyomo haisafishi kitu. Faida ya povu ni kwamba halitiririki upesi kama maji: hubaki juu ya mlango au boneti kwa dakika kadhaa na kuipa sabuni muda wa kufanya kazi. Kwa sababu hiyo wingi wa povu si kipimo cha usafi. Povu jeupe lililofunika gari zima linaweza kusafisha kidogo kuliko povu jepesi lenye sabuni inayofaa.

Kwa nini rangi ya gari hukwaruzika

Rangi ya gari hupakwa kwa tabaka kadhaa. Katika magari mengi ya siku hizi tabaka la juu halina rangi. Ni utando angavu unaolinda rangi iliyo chini yake na kuipa mng'aro. Unene wake kwa kawaida ni takriban mikromita 40 hadi 50, yaani pungufu ya unene wa unywele mmoja wa binadamu.

Vumbi la barabara huwa na chembe za mchanga, na sehemu kubwa ya mchanga ni madini ya kwazi, ambayo katika kipimo cha ugumu cha Mohs yana daraja la 7 na huweza kukwaruza kioo. Mtu anapopitisha kitambaa juu ya gari lenye vumbi kavu, chembe hizo huburutwa juu ya utando huo na kuacha mistari midogo. Mstari mmoja hauonekani, lakini baada ya miezi mingi ya kufuta namna hiyo gari hupoteza mng'aro, na jua likilipiga huonekana mizunguko kama utando wa buibui, hasa kwa magari meusi.

Hapa ndipo sababu kuu ya kutumia povu ilipo. Chembe zinazoondolewa kabla ya kusugua haziwezi kukwaruza. Jambo hili lina uzito zaidi mahali penye vumbi kama Murangi wakati wa kiangazi kuliko katika mji wenye lami kila mahali.

Aina za vinyunyizio

Kuna aina nne zinazopatikana zaidi:

- Chupa ya povu ya mashine ya presha. Hufungwa mbele ya mashine ya kuoshea kwa presha. Maji yanapopita kwa kasi kwenye tundu jembamba, shinikizo lake hushuka na kuvuta sabuni kutoka kwenye chupa. Kanuni hii huitwa athari ya Venturi, kwa jina la mwanafizikia Mwitalia Giovanni Battista Venturi (1746–1822). Mchanganyiko hupita kwenye wavu wa nyuzi za chuma pamoja na hewa na kutoka kama povu zito.
- Chupa ya povu ya mpira wa maji. Huunganishwa na mpira wa bomba la kawaida. Kwa kuwa presha ya bomba la nyumbani ni ndogo, povu lake huwa jepesi na hutiririka mapema.
- Bomba la kusukuma kwa mkono. Ni chupa ya lita 1 hadi 2 yenye pampu juu yake. Mtumiaji hujaza maji na sabuni, husukuma pampu ili kubana hewa, kisha hufungua vali. Haihitaji umeme wala maji ya bomba.
- Tangi la povu la hewa iliyobanwa. Ni tangi la chuma linalounganishwa na kompresa. Hutumika katika vituo vya kuosha magari na ni kubwa mno kwa matumizi ya nyumbani.

Maji na umeme

Mpira wa maji unaotoa lita 15 kwa dakika, ukiachwa wazi kwa dakika 10, hutumia lita 150. Mashine ndogo ya presha inayotoa lita 7 kwa dakika hutumia lita 70 kwa muda huohuo. Mtu anayeosha gari dogo kwa ndoo anaweza kumaliza kazi kwa ndoo tatu au nne za lita 20, yaani lita 60 hadi 80. Kwa hiyo kinyunyizio chenyewe hakiokoi maji. Povu ni hatua ya ziada ambayo nayo inahitaji kusuuzwa. Kinachookoa maji ni mashine ya presha inayozimwa kila isipotumika, au ndoo inayotumiwa kwa mpangilio.

Kwa upande wa umeme, mashine ya presha yenye nguvu ya wati 1,600 ikifanya kazi kwa dakika 15 hutumia uniti 0.4. Gharama hiyo si kubwa. Gharama kubwa ni bei ya mashine yenyewe na ulazima wa kuwa na maji yanayoingia bila kukatika. Pampu ya mashine ikifanya kazi bila maji hupata joto na kuharibika. Katika kaya inayochota maji kisimani au ziwani, hali hiyo pekee inaweza kutosha kuamua kwamba bomba la mkono linafaa zaidi.

Aina ya maji pia ina athari. Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye paa la bati ni laini na hutoa povu kwa urahisi. Maji ya visima yenye chumvichumvi nyingi hutoa povu kidogo na huacha madoa meupe yakikaukia juu ya gari, hivyo gari lifutwe mapema kwa kitambaa safi.

Sabuni inayofaa

Shampuu ya magari hutengenezwa ili isiwe kali kwa rangi na isiondoe nta haraka. Sabuni ya unga ya kufulia ni ya alkali zaidi. Huondoa nta na huweza kufifisha plastiki na mipira ya madirisha ikitumiwa mara kwa mara. Sabuni ya maji ya kuoshea vyombo haina ukali huo, ila nayo huondoa nta. Sabuni ya mche haifai kwa kinyunyizio, kwa kuwa mabaki yake huziba wavu na tundu la kifaa.

Sabuni ya kuchanganya ipimwe. Kuongeza sabuni kupita kiwango kilichoandikwa kwenye chupa huongeza povu na maji ya kusuuzia, lakini hakuongezi usafi kwa kiwango hicho.

Bomba la dawa ya mashambani

Bunda na Musoma ni maeneo ya kilimo cha pamba, na bomba la mgongoni la kupulizia viuatilifu linajulikana na wakulima wengi. Kinyunyizio cha povu cha mkono hufanya kazi kwa kanuni ileile ya kubana hewa, hivyo mtu anaweza kushawishika kulitumia bomba la dawa kuoshea gari. Hilo ni jambo la hatari. Mabaki ya kiuatilifu hubaki ndani ya tangi, mpira na vali hata baada ya kusuuzwa, na huweza kumfikia mwoshaji kupitia ngozi, au kubaki kwenye vitasa na viti vinavyoguswa na watoto. Mabaki hayo yakifika majini hudhuru samaki. Viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, ambavyo hutumika sana kwenye pamba, ni sumu kali kwao hata kwa kiasi kidogo. Bomba la dawa halipaswi kutumika kwa kazi nyingine yoyote. Bomba jipya lililonunuliwa kwa ajili ya sabuni liwekewe alama na litunzwe mbali na vifaa vya shambani.

Kuosha magari ziwani

Pale maji yanapochotwa kwa mbali, njia rahisi huonekana kuwa kulipeleka gari au pikipiki ziwani. Mfano unaojulikana zaidi ni wa Kisumu, Kenya, ambako katika ufuo wa Lwang'ni magari yamekuwa yakiingizwa kwenye maji ya kina kifupi na kuoshwa na vijana wanaosimama majini.

Kazi hiyo ina hatari ya kichocho. Vimelea vya ugonjwa huo hukua ndani ya konokono wa majini, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Waosha magari wa Kisumu walifuatiliwa kwa miaka kadhaa na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI) na wenzao wa Marekani, na sehemu ya matokeo ilichapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2002. Wengi wao waliambukizwa tena baada ya kutibiwa, kwa kuwa walirudi kwenye maji yaleyale. Hatari hiyo ipo pia katika fukwe za Mkoa wa Mara. Maji ya ziwa yaliyohifadhiwa kwenye tangi lisilo na konokono kwa saa 48 au zaidi hayana hatari hiyo, kwa sababu vimelea hufa visipompata mtu.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa shughuli za kudumu za binadamu na zile zinazoweza kuathiri hifadhi ya mazingira ya maeneo hayo. Maji ya kuoshea gari hubeba mafuta ya injini, grisi, chembe za matairi na sabuni. Baadhi ya sabuni zina fosfeti, ambayo ni chakula cha mwani na magugu maji. Gari moja lina mchango mdogo kuliko mbolea za mashambani na majitaka ya miji, lakini magari mengi yakioshwa mahali pamoja madhara hujikusanya kwenye maji ambayo watu huyanywa na kuvua samaki.

Utaratibu wa kuosha nyumbani

1. Gari liwekwe kivulini, kwenye nyasi au changarawe, mbali na kisima na mtaro unaoelekea ziwani. Injini na boneti ziachwe zipoe.
2. Vumbi zito na tope la chini lisuuzwe kwanza kwa maji matupu.
3. Povu lipulizwe kuanzia chini kwenda juu na kuachwa dakika 3 hadi 5. Lisiachwe likauke.
4. Povu lisuuzwe kuanzia juu kwenda chini.
5. Gari lioshwe kwa kitambaa laini na ndoo mbili: moja ya maji ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa kila kinapochafuka. Magurudumu yawe na kitambaa chake.
6. Gari lisuuzwe na kukaushwa kwa kitambaa safi.
7. Kinyunyizio kipitishiwe maji safi ili sabuni isigande kwenye wavu.

Je, kinafaa kununuliwa?

Kinyunyizio cha povu hakichukui nafasi ya kusugua. Baada ya povu kusuuzwa, utando mwembamba wa vumbi hubaki na huondoka kwa kitambaa tu. Anayetarajia gari litoke safi bila kuguswa hataona thamani ya fedha yake.

Kwa mwenye mashine ya presha na maji ya uhakika, chupa ya povu ni nyongeza nafuu inayopunguza mikwaruzo, na inafaa. Kwa asiye na mashine, si busara kununua mashine kwa ajili ya povu pekee. Bomba la mkono lina manufaa ya wastani, hasa kwa pikipiki, rimu na sehemu zenye mafuta. Chupa ya mpira wa maji ndiyo yenye manufaa madogo zaidi, kwa kuwa povu lake halikai. Kwa anayechota maji kwa ndoo, kusuuza vumbi vizuri kabla ya kugusa rangi na kutumia ndoo mbili hutoa sehemu kubwa ya faida inayotafutwa kwenye povu, bila gharama ya kifaa.