Pikapu ya Nyumbani: Mume na Mke Wakubaliane Kabla ya Kununua



Katika ofisi za kilimo za Pwani ya kusini huletwa maswali mengi juu ya mbegu, korosho na dawa za kunyunyizia miembe. Lakini liko swali moja ambalo mkulima huliuliza mwisho, akiwa amekwisha kusimama ili aondoke: "Nataka kununua pikapu ya kubebea mazao, lakini mama watoto hataki. Nifanyeje?" Mara nyingine muulizaji ni mama, na asiyetaka ni baba. Swali hili si la mbegu wala la dawa, lakini ni la ukulima vilevile, maana fedha zinazobishaniwa zimetoka shambani, na zikipotea shamba ndilo litakalolipa. Kwa hiyo nitalieleza hapa kwa urefu kidogo.

Ukiyafuata mabishano haya mpaka chanzo chake, mara nyingi utakuta yalianzia Feri. Kwa wakulima wa Shimba Hills na skimu nyingine za Kwale, soko la Mombasa liko ng'ambo ya maji. Kivuko chenyewe ni kifupi, kama nusu kilomita tu, lakini hesabu zilizotolewa na Shirika la Feri la Kenya, kabla ya barabara ya Dongo Kundu kukamilika, zilitaja watu zaidi ya 300,000 na magari kama 6,000 kwa siku moja. Mtu wa miguu halipi kitu. Gari hulipa kwa kadiri ya ukubwa wake. Mwenye mazao asiye na gari hupita katika mikono mingi. Kuna gari la kukodi kutoka shambani mpaka Likoni, kisha mkokoteni wa kuingia katika feri, kisha hamali wa kupandisha mlima upande wa kisiwani, kisha tuktuk ya kwenda Marikiti au matatu ya Kongowea. Kila mkono hutaka chake. Na embe lililochumwa jana, likishikwa na kutupwa mara nne, hufika sokoni limepondeka, na mnunuzi hulitazama jicho la pembeni.

Basi mkulima akiwa amesimama pale Feri na magunia yake, jua linamchoma, akaiona pikapu ya mwenzake inateremka kutoka chomboni na kwenda zake, moyo wake huamua papo hapo. Tatizo ni kwamba ameamua peke yake. Mwenzake yuko nyumbani, hakuuona mkokoteni wala hakuyaona maembe yaliyopondeka. Jioni anapelekewa shauri lililokwisha kukatwa, na mwenye kulipeleka anashangaa kwa nini halipokewi kwa vigelegele.

Kwa sababu hiyo nasema, kabla ya kusema neno lolote juu ya gari, nendeni Feri wote wawili siku ya soko, na mchukue daftari. Andikeni saa mliyofika Likoni, saa mliyovuka, kila shilingi iliyotoka na ilikwenda kwa nani, na matunda mangapi yalikataliwa sokoni. Lakini msiyatazame magunia yenu peke yake. Zitazameni na hizo pikapu. Mtaona kwamba asubuhi na jioni nazo husimama katika mstari mrefu, na dereva hungoja mlangoni huku mtu wa miguu mwenye kapu lake amekwisha kuvuka. Tangu mwaka 2024 gari laweza kuikwepa feri kwa kupita Dongo Kundu, kutoka Kibundani hadi Mwache na Miritini. Njia hiyo ni nzuri na haina kivuko, ila kwa mtu aendaye Marikiti ni mzunguko mkubwa: atazunguka Changamwe na Makupa ndipo aingie kisiwani, na mafuta yote hayo ni yake. Yaandikeni hayo pia.

Sasa tuje kwa yule asiyetaka. Wengi hudhani kwamba mke akikataa gari ni kwa kuogopa mambo mapya. Mimi sioni hivyo. Mara nyingi ana maswali ambayo hajaulizwa. Gari litaendeshwa na nani? Ufunguo utakaa kwa nani? Karo ya muhula ujao itatoka wapi ikiwa fedha zote za korosho zimekwenda yadi? Na liko moja kubwa zaidi, ambalo ni vigumu kulitamka. Katika nyumba nyingi za Pwani mama ndiye auzaye sokoni. Hupeleka machungwa, muhogo na nazi, na fedha za kapu lake hukaa katika kanga yake; kwazo hununua sukari, mafuta ya taa na daftari za watoto bila kumwomba mtu. Pikapu ikija, mzigo utapanda garini, gari litaendeshwa na baba, na baba ndiye atakayesimama sokoni kupokea fedha. Kwa hiyo mume anapomwambia mkewe, "Nitakupunguzia taabu ya kubeba," yeye husikia, "Nitakuondolea fedha zako." Hana kosa kusikia hivyo. Mume anayetaka kukubaliwa na aanze hapo. Aseme wazi kwamba mazao fulani yataendelea kuuzwa na mama, na kwamba gari litayabeba kama linavyobeba mengine. Maneno hayo machache yana nguvu kuliko kuisifu injini usiku kucha.

Ikiwa mama ndiye atakaye gari na baba ndiye akataaye, shina la jambo ni lile lile. Huenda baba anaona kwamba mke mwenye gari atakuwa njiani kila siku. Na yeye aulizwe, wala asichekwe.

Tukisha kusikilizana, ndipo tufanye hesabu. Hesabu hii hufanywa vibaya na watu wengi, kwa kuwa huhesabu mafuta tu. Gari hula hata likiwa limelala. Nitatoa mfano wa kufundishia. Tarakimu si za yadi yoyote, nawe utaweka zako. Tuseme pikapu ya mtumba ya kubeba tani moja imenunuliwa kwa shilingi 1,200,000, na baada ya miaka 10 itauzwa kwa 300,000. Zimepotea 900,000 kwa miaka 10, yaani 90,000 kwa mwaka, au 7,500 kwa mwezi. Huo ndio uchakavu, na hakuna anayekuletea risiti yake. Tuseme bima na ukaguzi wa kila mwaka ni 60,000, yaani 5,000 kwa mwezi. Matairi, oili na fundi tuseme 8,000 kwa mwezi. Jumla ni shilingi 20,500 kila mwezi, kabla hujawasha gari.

Tuseme tena kwamba kukodi gari la mtu mpaka sokoni ni shilingi 4,000 kwa safari, na kwamba ukienda kwa gari lako mafuta na ada ya feri ni 2,500. Kila safari umeokoa 1,500. Gawanya 20,500 kwa 1,500: utapata kumi na tatu na zaidi, yaani safari 14 kila mwezi ili gari lijilipe. Hizo ni safari tatu na zaidi kila juma. Wakati wa maembe hilo si gumu. Lakini katika miezi ya kungoja mvua, utapakia nini mara 14? Na kama gari limenunuliwa kwa mkopo, ongeza riba.

Naona mkulima mmoja hapo amekunja uso. Asikasirike, hesabu haijasema hapana. Iko faida isiyomo katika safari zile. Matunda yanayofika mazima huuzwa kwa bei bora. Wachuuzi wanaokuja shambani kununua maembe yakiwa bado mtini hutoa bei ndogo kwa sababu wanajua huna njia ya kuyafikisha sokoni. Mwenye gari huweza kuwakatalia. Mgonjwa wa usiku hufikishwa hospitali. Majirani nao watataka kupelekewa mizigo kwa malipo. Lakini hapa soma vizuri karatasi ya bima yako: bima ya kubeba mizigo yako mwenyewe na bima ya kubeba mizigo ya watu kwa malipo ni vitu viwili. Aliyechukua ile ya kwanza akafanya kazi ya pili, siku ya ajali anaweza kujikuta hana bima. Tena, pikapu si matatu. Kupakia watu huko nyuma kwa nauli ni kutafuta kesi na msiba kwa pamoja.

Njia ninayoipenda mimi ni hii: kabla ya kununua, kodini pikapu msimu mmoja mzima. Kubalianeni na mwenye gari kwa siku maalumu za juma, na yale malipo yaandikwe katika daftari lile lile. Msimu ukiisha, hakuna tena haja ya kubishana. Ikiwa mlilihitaji gari mara 14 au zaidi kwa mwezi, karatasi itasema. Ikiwa mlilihitaji mara tano, pia itasema, na aliyetaka gari atakubali kutoka katika mwandiko wake mwenyewe bila kuona haya. Baadhi watagundua kwamba kinachowafaa ni tuktuk ya mizigo, au kushirikiana na jirani wawili watatu kukodi lori moja.

Mambo ya kuepuka nitayapitia haraka. Usitoe arubuni yadini kwanza kisha ukaja kuomba ruhusa nyumbani. Hiyo si kuomba. Usiwalete wazee au mashemeji kumlemea mwenzako kabla hamjazungumza ninyi wawili. Na methali ziachwe. Mmoja atasema ngoja ngoja huumiza matumbo, mwingine atajibu haraka haraka haina baraka, na usiku utaisha bila hesabu hata moja kufanywa.

Sasa sheria. Shamba la skimu ambalo deni lake la serikali halijamalizika haliwezi kuwekwa rehani kwingine kama mali huru. Hata kama hati iko mkononi, kuweka shamba la kilimo rehani hutaka idhini ya Bodi ya Ardhi. Na ikiwa nyumba mnayoishi imo ndani ya shamba hilo, Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 yasema rehani haifai kitu mpaka mwenzi anayeishi humo awe ametia sahihi au kuonyesha kwamba amekubali. Basi mume anayenuia kuchukua hati kimyakimya na kurudi na gari anapoteza nauli yake. Wala si lazima hati iguswe. Tangu mwaka 2017 iko sheria inayokubali mali inayohamishika, kama gari lenyewe, mifugo au mazao, kuwa dhamana ya mkopo. Maoni yangu ni kwamba gari lijidhamini lenyewe. Likichukuliwa na mwenye kudai, mtalia siku tatu. Shamba likichukuliwa, watoto watalia miaka yote.

Kuhusu jina la mwenye gari, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 yasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa ikiandikwa kwa majina ya wote wawili huhesabiwa kuwa haki yao sawasawa, isipokuwa mtu athibitishe vingine. Ikiandikwa kwa jina la mmoja, huhesabiwa kwamba amemshikia na mwenzake, lakini hilo nalo laweza kupingwa. Waislamu wanaweza kufuata sheria ya Kiislamu katika mambo haya. Kuandika majina mawili katika hati ya gari, ile waiitayo logibuku, ni jambo dogo siku ya kununua, na kwa mke mwenye wasiwasi ni jawabu analoweza kulishika mkononi.

Liko neno moja la mwisho ambalo mwenzako huenda hakulisema: anayaogopa maji. Watu wa Pwani hawajasahau Mtongwe, tarehe 29 Aprili 1994, feri ilipozama na watu 272 wakafa. Wala hawajasahau Septemba 2019, gari dogo liliporudi nyuma na kutumbukia kutoka katika feri ya Likoni, mama na mtoto wake wakafa ndani yake. Usimwambie kwamba ni woga wa bure. Mwambie utakavyofanya: breki ya mkono itavutwa mpaka mwisho, gia itaingizwa, jiwe au kabari itawekwa nyuma ya gurudumu, na abiria watashuka garini kabla halijaingia chomboni na kuvuka kwa miguu. Kisha uyafanye hayo, hata siku ambayo yeye hayupo.

Mkifika yadini, kumbukeni kwamba gari la mtumba linaloingizwa nchini halitakiwi kuwa limepita miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza. Nendeni na fundi mnayemlipa ninyi, si yule anayeletwa na muuzaji. Liwasheni likiwa baridi. Lalieni chini mtazame fremu kama ina kutu au imeunganishwa kwa kulehemiwa. Mzipime na funguo zote mbili, maana ule wa pili utakaa kwa yule asiyeendesha.

Na kama daftari la msimu limejaa na bado hamwelewani juu ya hesabu, lileteni katika ofisi ya kilimo iliyo karibu nanyi, karani awasaidie kuzijumlisha. Njooni wawili. Nikifanya hesabu na mmoja tu, mwingine ataiuliza upya nyumbani, na mimi sitakuwapo kumjibu.