Chenji inayobaki kwenye trei

Msafiri anafika kwenye ukaguzi wa uwanja wa ndege Marekani, muda umembana. Anavua mkanda na saa, anakung'uta mifuko ya suruali: simu, funguo, sarafu tano sita. Vyote vinaingia kwenye trei ya plastiki na kupita kwenye eksirei. Upande wa pili anadaka simu na funguo, anajifunga mkanda huku anatembea, kwa kuwa wa nyuma yake naye anataka vitu vyake. Sarafu mbili zimebaki zimelala kwenye kona ya trei. Pengine ameziona. Lakini nani atakubali kuachwa na ndege kwa ajili ya senti 30?

Pochi iliyosahaulika ina kitambulisho, kwa hiyo inapelekwa kwenye ofisi ya vitu vilivyopotea na kutunzwa siku zisizopungua 30 ikimsubiri mwenyewe. Sarafu haina jina la mtu. Wakaguzi huzikusanya, huzihesabu, na hesabu yake huenda makao makuu ya TSA, idara ya serikali inayosimamia usalama wa usafiri. Mwaka wa fedha 2012 zilifika zaidi ya dola 531,000. Mwaka 2018 zilikuwa dola 960,105. Ukigawa kwa abiria waliokaguliwa, ambao kwa mwaka huo walizidi milioni 800, utaona kila abiria wanane waliacha kama senti moja tu kwa pamoja. Hakuna aliyeumia, ila milioni moja ya dola imekaribia kutimia.

Sasa ni ya nani? Hapa ndipo sheria inapovutia. Kanuni ya kawaida ya Marekani ni kwamba fedha yoyote inayoingia mikononi mwa ofisi ya serikali kuu iende Hazina, na Bunge ndilo lipange itumike wapi. Ni kanuni ya busara, kwa kuwa inazuia ofisi kujitafutia kipato chake pembeni. Chenji ya ukaguzi ilitolewa nje ya kanuni hiyo kupitia sheria ya bajeti ya mwaka wa fedha 2005: TSA ibaki nayo, iitumie kwa usalama wa anga, na kila mwaka iwaambie wabunge imepata kiasi gani na imekifanyia nini.

Jeff Miller, mbunge wa Florida aliyeongoza kamati ya masuala ya maveterani, hakuridhika na mpango huo. Muswada wake ulitaka fedha hizo zipewe mashirika yasiyo ya faida yanayoendesha sehemu za kupumzikia wanajeshi na familia zao viwanjani. Aliyekuwa akilengwa anajulikana: USO, shirika lililoundwa 1941 kwa wito wa Rais Franklin Roosevelt. Si ofisi ya serikali; linategemea michango, na wengi wanaohudumu humo ni watu wa kujitolea.

Ukitaka kujua kwa nini sehemu hizo zina thamani, mfikirie kijana wa miaka 19 aliyekosa ndege ya kuunganisha saa tano usiku, begi la jeshi begani, na mshahara wake bado mdogo. Maduka yamefungwa, viti vya ukumbini vina mikono ya chuma, hata kujinyoosha hawezi. Kwenye chumba cha USO kilicho wazi anapata kochi, kahawa na kitu cha kutafuna bila kulipa. Mama anayemfuata mumewe kwenye kambi mpya naye anapata pahali pa kumlaza mtoto.

Baraza la Wawakilishi liliupitisha muswada huo Desemba 2013. Seneti haikuupitisha, na haukuwa sheria.

Mimi naona Miller alikuwa na hoja nzito, na uzito wake hauko kwenye huruma peke yake. Kwa idara inayotumia mabilioni ya dola kila mwaka, milioni moja inamezwa bila hata kuonekana. Kwa vyumba vinavyoishi kwa michango, ni kahawa, nepi na makochi ya miaka. Zaidi ya hapo, mkono unaookota haufai kuwa ndio unaofaidi. Siwatuhumu wakaguzi, nasema tu kwamba idara isiyobaki na hata senti ingekuwa na sababu moja zaidi ya kumwita abiria na kumwambia, "Umesahau hela zako."

Hata hivyo, muswada ulihitaji kurekebishwa mahali pawili. Ungelilazimisha shirika linalopokea kutangaza limetumia kiasi gani katika uwanja upi, kama TSA yenyewe inavyowajibika kwa wabunge. Na ungeanza na mwenye mali: kibao kidogo mwishoni mwa mkanda wa eksirei, pale trei zinapokusanywa kurudishwa mwanzo wa foleni, kikimkumbusha abiria kuangalia kona za trei, na kando yake kisanduku kwa ajili ya anayetaka kuziacha kwa hiari yake.