Oda za chanjo ziko mtandaoni, mafuta ya gari bado

Katika stoo za chanjo za wilaya nchini Tanzania, leja haijaondoka mezani hata baada ya kompyuta kuletwa. Mtunza stoo huandika kwanza kwa kalamu: aina ya chanjo, namba ya bechi, tarehe ya kuisha muda, dozi zilizoingia na zilizotoka. Mtandao ukipatikana ndipo anaingiza tarakimu zilezile kwenye programu ya kuagiza chanjo mtandaoni, na oda inapanda mkoani.

Maofisa wa chanjo wanaisifu programu hiyo, na kwa sehemu wana haki. Enzi za fomu za karatasi, mkoa uliweza kupata habari kwamba chanjo ya BCG imekwisha wakati akina mama wameshaambiwa warudi wiki ijayo. Sasa salio la kila wilaya linaonekana, na chanjo inayokaribia kuisha muda inaweza kupelekwa wilaya jirani mapema.

Wanapozidisha ni kwenye upotevu. Ofisa mmoja anarudia makadirio yaliyozunguka kwa miaka mingi katika sekta hii, kwamba duniani hadi nusu ya chanjo hupotea kabla ya kumfikia mtoto, naye anaamini mfumo wa mtandaoni utaumaliza upotevu huo. Ni vigumu kumfuata hadi huko. Kichupa cha surua na rubella kwa kawaida kina dozi 10, cha BCG mara nyingi 20, na vikishachanganywa haviruhusiwi kutumika baada ya saa 6 kupita. Zahanati ikifungua kichupa cha BCG kwa watoto 3, dozi 17 zinatupwa. Na ni haki zitupwe, kwa sababu muuguzi anayesubiri watoto watimie ndiye atakayemrudisha nyumbani mama aliyetembea tangu alfajiri. Ukubwa wa kichupa hauamuliwi na programu.

Hesabu ya walengwa nayo ina walakini. Kiasi cha kuagiza hutegemea makadirio yanayotokana na sensa, ilhali wafugaji wanahama na pembezoni mwa miji panajaa watu upesi. Ndiyo sababu taarifa za baadhi ya wilaya huonyesha uchanjaji uliovuka asilimia 100, huku vituo vyenyewe vikiishiwa.

Lalamiko zito zaidi linatoka kwa fundi wa majokofu anayepewa kazi na halmashauri. Kifaa cha kupima joto, anasema, hutuma ujumbe kwenye simu pale jokofu linapotoka kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ujumbe unafika usiku uleule. Idhini ya kununua kipuri inachukua wiki kadhaa, na malipo yake yanaweza kusukumwa hadi robo nyingine ya mwaka wa fedha. Amechoka kukopesha vipuri kutoka dukani kwake, na ana hoja: chanjo ya pentavalenti ikiganda hata mara moja hupoteza nguvu, na taarifa ya haraka isiyo na fedha nyuma yake haiiokoi.

Huenda wilaya zenye umeme wa uhakika na fungu la mafuta ya gari zikaona nafuu kubwa. Kwingineko muuguzi bado anafuata chanjo wilayani kwa bodaboda, kasha likiwa mapajani, na nauli pengine ikitoka mfukoni mwake. Wafadhili nao wakipunguza msaada, gharama za seva, bando na mafunzo zitaangukia halmashauri ambazo leo zinamdai fundi uvumilivu.